Tamasha la bure la utamaduni wa Weusi maktabani: sisi tunaozungumza Kiswahili tushiriki vipi?

Mzazi wa Louisville aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam nyingi.

Naandika kutoka Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, mji ambao kwa miaka ya karibuni umepokea familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi za wakimbizi, pamoja na sisi tuliofika kwa njia nyingine kutoka Tanzania, Kenya na Burundi. Tawi la maktaba ya umma lililo karibu na tunakoishi linaandaa tamasha la siku moja la kusherehekea utamaduni wa Weusi. Hakuna kiingilio, kila mtu anakaribishwa, na mkutubi anayesimamia ratiba amekiandikia chama chetu barua akituomba tuchukue meza moja ya maonyesho na nusu saa jukwaani.

Barua hiyo imezua mjadala mrefu katika vikao vyetu. Baadhi ya wazee wanasema kwamba tamasha hilo ni la Wamarekani Weusi, kwamba mzigo wa utumwa na ubaguzi wa nchi hii hawakuubeba babu zetu, na kwamba si adabu mtu kujitia katika shughuli ya wenyewe. Vijana wanajibu kwamba tumealikwa kwa maandishi, na kwamba askari wa barabarani au mwajiri hawaulizi kwanza kama babu wa kijana alizaliwa Mississippi au Kigoma. Wapo pia wanaotaka tukubali upesi, tupeleke ngoma, vitenge na masinia ya pilau, tupige picha, kisha turudi nyumbani. Mimi sikuridhika na upande wowote, na ndiyo maana naomba ushauri wenu.

Ninataka kujua kama tamasha la namna hii linatuhusu kweli, na kama linatuhusu, ni kwa kiasi gani na kwa nafasi ipi. Vilevile ningependa kuelewa kwa nini shughuli kama hiyo inafanyika maktabani, mahali ambapo wengi wetu tumezoea kunyamaza, badala ya uwanjani au kanisani. Ninao watoto waliozaliwa hapa ambao hujiita Weusi bila kusitasita, na nisingependa wafike pale wakiwa na mzazi asiyejua amesimama mahali gani.

Mwalimu wa Historia alijibu:

Ndugu Mzazi, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kwenda. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za hapa Marekani kwa muda mrefu, na naomba nianze na swali lako kuhusu maktaba, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua njia ya kulijibu lile la kwanza. Tena una bahati, kwani mji wako wenyewe una sehemu kubwa ya jibu hilo.

Mwaka 1905, wakati ambapo sheria na desturi za majimbo ya Kusini ziliwafungia Weusi milango ya maktaba zilizotunzwa kwa kodi ambazo wao pia walizilipa, Louisville ilifungua tawi lililoitwa Western Colored Branch, kwanza katika vyumba vya kupanga ndani ya nyumba ya mtu, kisha, kuanzia mwaka 1908, katika jengo lake lililojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Miongoni mwa waliolipigania alikuwa mwalimu mkuu Albert Meyzeek, na aliyekabidhiwa kuliongoza alikuwa Thomas Fountain Blue. Tawi hilo linahesabiwa kuwa maktaba ya umma ya kwanza nchini iliyowahudumia Weusi ikiwa na wafanyakazi Weusi peke yao. Blue hakuishia kuazimisha vitabu. Alianzisha mafunzo ya ukutubi kwa Weusi, na wanafunzi wakaja kwake kutoka miji mingine ya Kusini katika kipindi ambacho walikuwa karibu hawana mahali pengine pa kujifunzia kazi hiyo. Vyumba vya mikutano vya jengo lile vilijaa vikundi vya akina mama, mijadala ya vijana na mihadhara, kwa sababu vilikuwa miongoni mwa vyumba vichache vya umma ambamo Mweusi wa Louisville angeweza kuketi kwa heshima. Mwaka 1913 mshairi na mwalimu Joseph Cotter alianzisha mashindano ya watoto ya kusimulia hadithi yaliyofanyika hapo, na mshindi akatunukiwa kikombe. Kwa hiyo tamasha maktabani katika mji wako lina zaidi ya karne moja ya utangulizi, na jengo lile bado ni maktaba hadi leo.

Kwingineko mlango haukufunguliwa hata kwa njia hiyo ya kutenganisha. Tarehe 21 Agosti 1939, katika mji wa Alexandria, Virginia, vijana watano Weusi waliingia maktabani mmoja baada ya mwingine, wakaomba kadi, wakakataliwa, kisha kila mmoja akachukua kitabu rafuni, akaketi na kusoma kimya mpaka polisi walipokuja kuwakamata. Mpango huo uliandaliwa na wakili kijana, Samuel Tucker, ambaye baadaye, mji ulipojenga maktaba ndogo ya Weusi peke yao, alikataa kupokea kadi yake. Tarehe 27 Machi 1961, wanafunzi tisa wa Chuo cha Tougaloo walifanya vivyo hivyo katika maktaba ya Jackson, Mississippi, wakiomba vitabu ambavyo havikupatikana katika tawi la Weusi, nao wakakamatwa. Watu walitiwa mbaroni kwa kosa la kusoma. Anayelifahamu hilo hawezi tena kushangaa kwamba wajukuu wa watu hao wanachagua maktaba kuwa mahali pa kupiga gitaa, kusoma mashairi na kuwafundisha watoto kucheza.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Mahali panapojulikana kuliko pote katika jambo hili ni tawi la maktaba la Mtaa wa 135, Harlem, New York. Mwaka 1925 lilifungua idara maalumu ya fasihi na historia ya Weusi, na mwaka uliofuata Shirika la Carnegie likatoa dola 10,000 kununua mkusanyiko wa Arturo Schomburg, wenye maelfu ya vitabu, hati za mkono na michoro. Leo mahali hapo panaitwa Schomburg Center, na mwaka 2025 palitimiza miaka 100. Huyo Schomburg alizaliwa Puerto Rico mwaka 1874, na mama yake alitoka kisiwa cha St. Croix. Alifika New York akiwa kijana mhamiaji, akafanya kazi kwa miaka mingi katika idara ya barua ya benki, na mshahara wake ukaenda kwenye vitabu vilivyothibitisha kwamba watu Weusi wa Afrika, Karibi na Marekani wana historia ndefu iliyoandikwa. Nusu karne baadaye, tarehe 11 Agosti 1973, sherehe ya mtaani katika Bronx, New York, ambayo watu huihesabu kuwa chimbuko la hip-hop ilichezeshwa muziki na Kool Herc, kijana aliyezaliwa Kingston, Jamaika. Utamaduni unaosherehekewa katika matamasha haya umejengwa na Wamarekani waliozaliwa hapa pamoja na wahamiaji waliokuja na vyao wakaviweka mezani. Nafasi yenu ipo, na haikuanza na barua ya mkutubi wenu.

Binti wa Pwani alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mwalimu kwa furaha, na nakubaliana naye kuhusu maktaba. Ninaishi Atlanta, mji wenye Auburn Avenue Research Library, maktaba ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya historia na utamaduni wa Weusi, na nimehudhuria shughuli nyingi za bure katika maktaba za huku. Hata hivyo, hitimisho lake naliona limekwenda haraka kidogo. Schomburg alipofika New York hakuanza kwa kudai meza. Aliishi miongoni mwa Wamarekani Weusi, akajiunga na vyama vyao, akajifunza mambo yao kwa kina kiasi kwamba wao wenyewe walimfanya kuwa mlezi wa kumbukumbu zao. Wazee wa chama chenu wanaosema kwamba si adabu kujitia katika shughuli ya wenyewe wanagusa jambo la kweli, ingawa suluhisho lao la kubaki nyumbani silikubali.

Nimeona zaidi ya mara moja tamasha la aina hii likigeuka kuwa maonyesho ya Afrika. Waandaaji, kwa nia njema, wanawaalika wapiga ngoma kutoka Afrika Magharibi, wanapamba kuta kwa vitenge, wanatundika ramani ya bara letu, na ifikapo jioni bibi Mmarekani Mweusi ambaye familia yake imeishi katika mtaa ule kwa vizazi vitano hajaona hata picha moja ya mtaa wake. Ni kana kwamba utamaduni wa watu wake lazima ukaazimwe ng'ambo ya bahari ndipo ustahili jukwaa. Sisi tunaotoka Afrika tukiipokea nafasi hiyo bila kufikiri, tunashiriki katika kumfuta bibi huyo, hata kama ngoma zetu ni nzuri na watoto wanashangilia.

Ndugu Mzazi, Kentucky ina mambo yake mazito, na ningewashauri mkayajue kabla ya siku yenyewe. Utumwa katika jimbo hilo haukukoma kwa tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa la mwaka 1863, kwa sababu tangazo hilo liliyahusu majimbo yaliyoasi, na Kentucky haikuwa miongoni mwayo. Watu walibaki watumwa kisheria hapo mpaka Desemba 1865, miezi kadhaa baada ya ile tarehe 19 Juni ambapo watumwa wa Galveston, Texas, walitangaziwa uhuru, na ambayo sasa huadhimishwa nchi nzima kwa jina la Juneteenth. Mbio za farasi za Kentucky Derby, ambazo mji wenu unajivunia mbele ya dunia, zilipoanza mwaka 1875 wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na mshindi wa kwanza, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Kisha ubaguzi ukawasukuma nje ya mchezo huo hatua kwa hatua hadi majina yao yakakaribia kusahaulika. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanamuziki Weusi wa Louisville walikuwa na bendi zilizopuliza mitungi badala ya ala za besi, pamoja na fidla na banjo. Banjo yenyewe ilitengenezwa na Waafrika waliofanywa watumwa Karibi na Amerika, wakifuata ala za nyuzi za Afrika Magharibi zenye mwili wa kibuyu. Carter Woodson, aliyeanzisha Februari 1926 juma la historia ya Weusi lililokua kuwa mwezi mzima mwaka 1976, alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1903 katika Chuo cha Berea, katika jimbo hilohilo.

Mtu akiingia katika tamasha akiwa anayafahamu hayo, anaingia kama jirani. Mwenye meza ya pili akizungumza juu ya babu yake aliyekuwa akifunza farasi, utaweza kumwuliza swali la maana, naye atatambua kwamba hukuja tu kumwonyesha vyako.

Kuhusu meza yenu, nawaombeni sana msiishie kwenye ngoma na vitenge. Sizibezi ngoma, kwani nimelelewa nazo. Ninachosema ni kwamba wageni wa tamasha wameshaonyeshwa Afrika ya ngoma tangu utotoni, na hawajaonyeshwa Afrika ya vitabu, magazeti, redio, mahakama na vyuo. Ninyi mtakuwa maktabani, kwa hiyo wekeni mezani diwani za mashairi, hadithi za watoto, kamusi, na hata gazeti la zamani la Kiswahili kama mtu wenu analo. Akipatikana mzee anayeweza kughani utenzi kwa sauti, mpeni nafasi kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Mkipeleka kanga, awepo mama wa kueleza mtu huivaa lini na huwa anamwambia nani jambo gani kwa kuivaa. Kitambaa kilichotandazwa mezani bila mtu wa kukizungumzia hakitawafunza wageni chochote.

Mkutubi Mstaafu alijibu:

Wanangu, nimefanya kazi katika maktaba za umma za nchi hii hadi nilipostaafu, na nimeandaa matamasha ya namna hii. Waliotangulia wamesema ya historia. Mimi nitasema ya nyuma ya kaunta, ambayo wageni hawayaoni lakini ndiyo yanayoamua kama siku itakwenda vizuri.

Neno bure lina maana kwa mgeni tu. Tamasha lina gharama, na mara nyingi gharama hizo hulipwa kwa sehemu na bajeti ya maktaba inayotokana na kodi, na kwa sehemu na kikundi cha wananchi wanaojitolea kuichangia maktaba, ambao huuza vitabu vilivyotumika ili kupata fedha za shughuli. Wakati mwingine mchango hutoka mahali pasipotarajiwa: mwaka 2001 mwanamuziki Prince alilipatia lile tawi la Western la Louisville dola 12,000 bila kutaka kutajwa, na watu wengi walilifahamu jambo hilo baada ya kifo chake mwaka 2016. Nalisema hili kwa sababu vikundi vingi vya wahamiaji hudhani kwamba tamasha likiwa la bure basi msanii naye hana haki ya kulipwa. Mwulizeni mkutubi wenu, kwa upole na kwa maandishi, kama kuna malipo kwa watakaopanda jukwaani. Ikiwa bendi inalipwa na mzee wenu anayeghani utenzi halipwi, basi kuna tatizo ambalo mkutubi mwema atataka kulirekebisha, maana pengine hakujua kwamba utenzi ni kazi ya miaka na si mapambo. Ikiwa hakuna anayelipwa, mtakuwa mmejua na mtaamua wenyewe.

Pilau nayo izungumzwe mapema. Kanuni za afya za maeneo mengi haziruhusu chakula kilichopikwa nyumbani kugawiwa kwa umma bila kibali cha idara ya afya ya eneo husika, na maktaba haiwezi kuwapuuzia kanuni hizo kwa sababu tu chakula ni kizuri. Nimeshuhudia akina mama waliopika usiku kucha wakiambiwa mlangoni warudishe masufuria garini, na aibu ile iliwauma kuliko hasara. Piga simu majuma kadhaa kabla. Ulizeni pia kuhusu kuuza vitu, kwa sababu maktaba nyingi huzuia biashara ndani ya jengo isipokuwa mwandishi anayeuza kitabu chake baada ya kuzungumza. Muziki uliorekodiwa una leseni zake, ambazo maktaba nyingi huwa tayari wamezilipia, lakini waandaaji watahitaji kujua mtapiga nini. Mkipiga picha za watoto, ombeni ruhusa ya wazazi wao hata kama mnazichukua kwa ajili ya kumbukumbu za chama tu.

Lipo jambo moja ambalo katika kazi yangu nililithamini kuliko yote, nalo ni kile kinachobaki maktabani siku ya pili yake. Palipokuwa na tamasha kubwa lenye umati, kisha Jumatatu rafu zikawa vilevile, nilihisi kwamba tumefanya kazi nusu. Kule Harlem mihadhara na maonyesho ya miaka ya 1920 yalizaa mkusanyiko. Mwaka 1940 kundi la American Negro Theatre lilianza kuigiza katika chumba cha chini cha maktaba ileile, na wasanii kama Sidney Poitier, Harry Belafonte na Ruby Dee wakapitia hapo. Chicago nako, Vivian Harsh, mkutubi Mweusi wa kwanza wa maktaba ya umma ya mji huo, alipokabidhiwa tawi la Hall mwaka 1932 aliunganisha mikutano ya waandishi na ukusanyaji wa vitabu na hati, na leo mkusanyiko unaobeba jina lake ni miongoni mwa hazina kubwa za historia ya Weusi katika eneo lile. Kwa hiyo, mtakapojibu barua, ombeni mambo matatu yanayofuata tamasha: maktaba inunue vitabu vya Kiswahili vya watoto na watu wazima kwa orodha mtakayoipendekeza ninyi, wazee wenu warekodiwe wakisimulia maisha yao na kanda zihifadhiwe pamoja na za Wamarekani Weusi wa mtaa huohuo, na siku ya tamasha kuwe na meza ya kutoa kadi za maktaba ambapo mtu wenu anayezungumza Kiswahili atawasaidia wageni kujaza fomu. Familia nyingi za wakimbizi haziingii maktabani kwa sababu zinaogopa faini au zinadhani lazima uwe raia. Kwa kawaida kinachotakiwa ni uthibitisho wa mahali unapoishi, na miji mikubwa kadhaa, ikiwemo Chicago tangu 2019 na New York tangu 2021, imekwisha kufuta faini za kuchelewesha vitabu.

Mzazi wa Louisville aliandika tena:

Shikamoo Mkutubi, na ahsanteni nyote. Nimeyasoma majibu yenu katika kikao cha jana, na mzee aliyekuwa mkali kuliko wote aliomba yale maelezo ya Alexandria yarudiwe. Hakusema amebadili msimamo, lakini aliuliza tamasha litaanza saa ngapi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mkutubi wa tawi letu ametaja kwamba kutakuwa na meza ya sikukuu ya Kwanzaa, ingawa si Desemba, na ameuliza kama watu wetu wangependa kuisimamia kwa kuwa maneno yake ni ya Kiswahili. Baadhi yetu wameona fahari, na mimi nimeona wasiwasi ambao siwezi kuueleza vizuri. Pili, watoto wetu wanazungumza Kiingereza cha hapa vizuri kuliko sisi, na Kiswahili wanakielewa bila kukisema sana. Je, nusu saa ya jukwaani tuwape wao, au tuwape wazee?

Mwalimu wa Historia alijibu:

Wasiwasi wako kuhusu Kwanzaa una msingi. Sikukuu hiyo ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts, mtaa wa Weusi jijini Los Angeles, na huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari. Nguzo zake saba, yaani umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, kuumba, nia na imani, zimetajwa kwa Kiswahili kwa sababu waanzilishi walitaka lugha ya Afrika isiyofungwa na kabila moja, na wakati ule Tanzania ya Nyerere ilitazamwa na Wamarekani Weusi wengi kwa matumaini makubwa. Lakini ni sikukuu ya Wamarekani Weusi, waliyoitunga wenyewe kwa mahitaji yao, na familia zilizowasha mishumaa ile kwa zaidi ya nusu karne zinaifahamu kuliko mimi na wewe. Kuzungumza Kiswahili hakutufanyi kuwa wasimamizi wake. Mwambieni mkutubi kwamba meza hiyo ishikwe na familia ya mtaani inayoiadhimisha, na kwamba ninyi mtafurahi kuketi jirani nayo. Mtu akija kwenu kuuliza neno linatamkwaje, mjibuni kwa moyo mweupe. Akilitamka kwa namna yake aliyoizoea tangu utotoni, msimsahihishe mbele za watu, kwa sababu neno hilo limeishi kinywani mwa mama yake pia.

Binti wa Pwani alijibu:

Naliunga mkono hilo la Kwanzaa neno kwa neno.

Kuhusu jukwaa, ningependa msichague kati ya wazee na watoto. Mwalimu ametaja mashindano ya kusimulia hadithi yaliyofanyika katika tawi la Western tangu 1913. Mwulizeni mkutubi kama kuna familia za mtaani zenye wazee wanaosimulia, kisha pangeni pamoja nao nusu saa ya hadithi: mzee wenu aanze kwa Kiswahili, "Paukwa", ukumbi ufundishwe kuitikia "Pakawa", halafu mtoto wenu aisimulie hadithi hiyohiyo ya Sungura kwa Kiingereza chake cha Louisville, kisha msimulizi Mmarekani Mweusi atoe ya kwake. Wamarekani Weusi wa Kusini wana Sungura wao mjanja ambaye hadithi zake zilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa, na ukumbi utaona undugu huo bila mtu kuhutubia. Watoto wenu nao watakuwa na kazi ambayo wao peke yao wanaiweza, kwani hakuna mwingine pale atakayeelewa pande zote mbili.

Mkutubi Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu Mzazi. Wazo la hadithi ni jema, nami nitaongeza ya kiufundi tu. Hadithi hufa katika ukumbi mkubwa wa kupitia watu, kwa hiyo ombeni chumba cha watoto au chumba cha mikutano chenye mlango unaofungwa, pamoja na vipaza sauti viwili ili mzee na mtoto wasipokonyane kimoja. Ombeni pia kujua mapema kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, ili mumpatie muhtasari wa hadithi kwa Kiingereza, maana hawezi kufasiri utenzi asiouona kabla. Zamu yenu iwe kabla ya saa nane mchana, kwa sababu baada ya hapo familia zenye watoto wadogo huanza kuondoka. Jibu la barua mliandike juma hili, kwani ratiba za matamasha hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani, na yale maombi matatu niliyoyataja myaandike humohumo katika barua ya kukubali, msiyaache kwa mazungumzo ya mdomo.